Habari za Kadi Iliyokatwa Kwenye Ndoo, na Jinsi Ilivyoinuliwa Mau Narok

Njooni, enyi mlioketi juu ya magunia, nanyi mlioegemea baiskeli mkingojea mtu asiyekuja! Wekeni chini hivyo viazi mnavyomenya. Zimeni redio, kwa maana redio haikuyatangaza haya, na magazeti ya Nairobi siku ile yalikuwa na habari nyingine za kipuuzi. Sikilizeni habari za Wachuka wa mtaa wa Free Area kule Nakuru, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mbeba kibendera cha mpira kwa miaka sita, aliyesimama peke yake katikati ya wanaume ishirini na wawili na uongo mmoja, mwezi wa tisa mwaka wa elfu mbili na nane, juu kule Mau Narok ambako baridi huuma masikio hata saa nane mchana. Akatia mkono mfukoni, akautoa. Hiyo ndiyo kazi yote aliyoifanya. Alitia mkono, akautoa. Na wakubwa wangapi mnaowajua wamejengewa sanamu kwa kufanya pungufu ya hapo?

Mwaka ule ulianza vibaya baada ya uchaguzi, na hapa hatutausimulia. Kila nyumba ina lake. Lakini ulipofika katikati, nchi ile ya Bonde la Ufa ikavamiwa na jeshi jipya, jeshi la watu wa amani. Walikuja na magari meupe, wakagawa fulana nyeupe zenye picha ya njiwa, wakala mbuzi, wakapiga picha, wakashuka tena Nakuru kabla giza halijaingia. Waliobaki na fulana wakaambiwa wacheze mpira, kana kwamba mpira umewahi kumfanya mtu awe mpole. Ndivyo yalivyozaliwa mashindano ya amani. Na mashindano hayawi bila kamati, na kamati haiwi bila katibu, na katibu wa kamati hii alikuwa Bwana Kipketer: suruali ya suti chini, njiwa kifuani, kalamu nne mfukoni, ambazo hakuna aliyewahi kuona hata moja ikiandika.

Siku ya fainali, Free Area dhidi ya Mau Narok, Bwana Kipketer alimwita Wachuka kando ya goli la chini. Goli la chini ndilo jina lake, maana uwanja wa Mau Narok umeinama kama paa, na anayeshambulia kuelekea chini husaidiwa na dunia yenyewe.

"Mama Wachuka," akanena katibu, mikono nyuma, kama mtu anayepigwa picha, "sikia vizuri. Nchi hii imetoka mbali. Nyekundu ni rangi ya damu, na damu tumeona ya kutosha. Kwa hivyo kamati imekaa na ikaonelea, leo hakuna kadi nyekundu. Mtu akikosa, muongeleshe. Akikosa sana, muongeleshe sana."

"Na akikosa kabisa?"

"Njano. Njano ni rangi ya ngano, na hapa ni kwa ngano. Hakuna mtu ataudhika."

Kisha akajigusa kifuani, upande wa njiwa. "Barua yako ya kupanda daraja la urefa iko hapa. Imeandikwa yote, imebaki sahihi yangu tu. Maliza hii mechi bila kelele, Jumatatu wewe ni mtu wa kipenga, kamili. Kukiwa na kelele, kile kibendera chako bado kiko kwa gari."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mizani siku ile, msije mkauliza baadaye. Barua moja, na mwanamke aliyeingoja miaka sita. Miaka sita alikimbia kando ya mstari, juu chini, juu chini, akiona kila kitu na asiamue lolote, akitukanwa na watu waliokuwa karibu vya kutosha kumtemea maganda ya miwa. Mara moja tu alikuwa amepewa kipenga, mwezi wa sita huko Kabazi, kwenye mvua. Mshambuliaji alibaki na goli uso kwa uso, akapigwa ngwala kutoka nyuma mbele ya macho yake. Mkono wa Wachuka ukaenda mfuko wa nyekundu. Watu wakanguruma. Mkono ukahama, wenyewe, kama mwizi anayebadilisha njia, ukaingia mfuko wa njano. Yule aliyepigwa ngwala aliinuka, akajipangusa tope, akamtazama. Mtazamo ule ulimfuata Wachuka hadi Free Area, ukaketi naye kinuni, ukasagwa pamoja na mahindi ya watu wiki baada ya wiki. Na toka siku hiyo mji mzima ukamwita Mama Njano.

Kadi nyekundu ya karatasi aliyopewa kwenye kozi ya marefa ililowana mvua hiyo ya Kabazi ikawa uji. Basi alipofika nyumbani alitwaa ndoo yake nyekundu iliyokuwa imepasuka kitako, akaweka kisu juu ya jiko hadi kikawa chekundu nacho, akakata ubavuni kipande sawasawa na kadi. Plastiki ya ndoo ina mpindo wake wa kuzaliwa, kwa hiyo kadi ile haikukubali kulala. Ilijikunja mfukoni ikamchoma paja kila alipokimbia. Mashujaa wa zamani walifuliwa panga. Huyu alikuwa na ubavu wa ndoo.

Sasa sikilizeni ule uongo.

Kutoka Kabazi mpaka Mau Narok, kila mwenye miguu miwili aliamini jambo moja kuhusu mpira: kwamba nyekundu hupewa mtu wa mwisho. Ukimwangusha mshambuliaji nawe ndiwe wa mwisho, umekwisha. Ukiwa si wa mwisho, mwangushe tu, mvunje, mkunje kama mkeka, ni njano. Nani aliwafundisha? Hakuna. Waliokotezana, kama wanavyookotezana dawa za meno. Wachuka alikuwa na kitabu cha sheria, kurasa zake zimejaa unga, na alikisoma mara nyingi akingoja foleni ya mahindi iishe. Neno mtu wa mwisho halimo. Yaliyomo ni maswali manne. Goli liko umbali gani? Mchezaji alikuwa anaelekea wapi? Mpira ulikuwa wake au wa bahati? Na walinzi ni wangapi, na wamesimama wapi?

Wamesimama wapi. Yashikeni hayo maneno mawili.

Kwa maana watu wa Free Area, wachuuzi wa kila kitu, walikaa chini wakaitazama imani yao wenyewe, wakaona mwanya. Kama nyekundu ni ya mtu wa mwisho, wakasema, basi tupate mtu wa kuwa wa mwisho siku zote! Tumweke kwenye posti, asiondoke, hata mpira ukienda Narok asiondoke. Mradi yeye yuko pale, sisi wengine hakuna anayekuwa wa mwisho, na tutapiga ngwala mpaka tuchoke.

Wakampata. Alikuwa Bwana Gurpreet, mwenye duka la vipuri vya matrekta mjini Nakuru, mtu wa kilemba cha buluu na ndevu za heshima, aliyekuwa amewanunulia jezi zote na hivyo hakuna aliyekuwa na uso wa kumnyima moja. Ujanani alicheza magongo vizuri sana, hadi goti la kulia likamwacha. Sasa akivaa namba kumi na tatu alisimama kando ya posti, mkono mmoja juu ya mti, mwingine na simu, akiuliza bei za bearing. Hakuwa mlinzi. Alikuwa mwamba wa kuwekea dhamira za wengine.

Na kwa mechi tatu walishinda hivyo! Mkuu wa ngwala alikuwa Kimaiyo, beki, mwenye mapaja kama ya ng'ombe wa maonyesho. Kila alipomlaza mtu alinyoosha kidole kuelekea posti na kulia kama aliyeonewa: "Hesabu, boss! Hesabu! Mtu wa mwisho ni yule!" Na marefa watatu, wanaume wazima, walitazama kidole, wakamwona Gurpreet, wakahesabu, wakatoa njano. Tusiwataje majina. Wana watoto.

Lakini jinga hujenga nyumba likasahau mlango. Mshambuliaji huotea pale tu anapopigiwa pasi huku kati yake na mstari wa goli hakuna watu wawili wa upande mwingine. Kipa ni mmoja. Gurpreet, aliyebandikwa kwenye mstari asubuhi hadi jioni, ni wa pili. Kwa hiyo mbele ya Free Area hakuna mtu aliyeweza kuotea, milele! Walimweka mzee wa watu kuwa ngome, naye akawa lango lililoachwa wazi, na katika mechi tatu hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Wa Mau Narok wakaliona. Wale si wachuuzi, ni watu wa kungojea ngano iote. Wana muda wa kufikiri.

Basi mchezo ukapigwa, kama mnavyopiga nguo chafu kwenye jiwe. Dakika themanini bila bao. Bwana Kipketer alikuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu sare ingemaanisha manahodha wawili washike kikombe kimoja, picha moja, njiwa wawili. Kando ya mstari, Mugure, mwuza mahindi ya kuchemsha, ndiye aliyekuwa mtangazaji wa watu.

"Mama Njano!" alipaza sauti Wachuka alipopita mbio. "Leo umebeba kadi gani, ya kliniki?"

"Uza mahindi, Mugure."

"Nauza! Lakini na wewe uza hiyo nyekundu, inaoza!"

Dakika ya themanini na moja, Kipngeno wa Mau Narok, mwembamba kama ufito, hakuwa amerudi na wenzake. Alisimama hatua kumi nyuma ya mabeki wote, peke yake, kama mtu aliyekosa gari. Mpira ukarushwa juu ya vichwa. Mabeki wa Free Area wakainua mikono, wote pamoja, kama kwaya. "Ameotea! Ameotea!" Wachuka akatupa jicho kwa kibendera: kimelala. Akatupa jicho kwa posti: Gurpreet yupo. Hajaotea. Cheza.

Kipngeno akateremka. Dunia ikamsaidia. Kipa akatoka mbio kumkabili, akaruka kwa ushujaa mkubwa, akakumbatia hewa ya Mau Narok, akabaki amelala hapo na vumbi kinywani. Lakini chenga ile ilimgharimu Kipngeno pumzi mbili, na katika pumzi hizo mbili Kimaiyo akawasili kutoka nyuma kama lori la mbatata lisilo na breki. Mbele ya Kipngeno: hatua ishirini na mbili, majani, na nyavu. Kimaiyo akashika jezi kwa mikono yote miwili, akaongeza na mguu. Kipngeno akaanguka kama gunia linaloshushwa na vibarua waliokasirika. Mpira ukajiendea peke yake, polepole, ukatoka nje.

Kipenga kikalia. Nje kidogo ya boksi, si penalti.

Na kabla vumbi halijatulia, kidole kikanyooka. "Hesabu, mathe! Hesabu! Mtu wa mwisho ni yule!"

Basi Wachuka akasimama, na yule aliyemtazama Kabazi akasimama naye, ingawa hakuna mwingine aliyemwona. Upande wa kushoto barua. Upande wa kulia ndoo. Umati ukakaribia mstari, wa huku na wa kule, na ukimya ulioingia haukuwa wa mpira. Ulikuwa ukimya wa mwezi wa kwanza, ule ambao kila mtu pale aliujua na hakuna aliyetaka kuutaja. Mugure alishika hindi mkononi asilifikishe kwa mteja. Bwana Kipketer alikuwa akitikisa kichwa na kuunda neno kwa midomo bila sauti: njano, njano, njano.

Wachuka hakumwangalia. Alijiuliza, moja moja, kama anavyopima debe. Umbali? Hata Mugure angefunga kutoka pale. Mwelekeo? Moja kwa moja, kama barabara ya reli. Mpira? Ulikuwa mguuni mwake, umetii. Walinzi? Mmoja. Amesimama wapi?

Akageuka akatazama. Gurpreet alikuwa nje ya posti, ameligeuzia goli mgongo, kilemba kimeelekea mlimani, simu sikioni. "Hapana, hapana," alikuwa akisema, "hiyo ni ya Massey, mimi nataka ya Ford."

Mkono ukashuka. Kwenye paja ukakuta mfuko wa njano kwanza, kwa sababu uko juu, na ukasita hapo, nani asingesita? Halafu ukapita. Ukaingia chini, ukakuta kile kipande kilichopinda kikimngoja kwa hasira, ukakishika, ukapanda nacho juu ya bega, juu ya kichwa, mpaka mkono ukaisha. Na jua la Mau Narok, ambalo siku nzima lilikuwa limekataa kutoka, likatoka. Au halikutoka, waliokuwepo hawakubaliani. Ila nyekundu ilionekana mpaka kwenye ghala la ngano.

"Nyekundu?" akasema Kimaiyo. "Mathe, hiyo ni ndoo!"

"Ni nyekundu. Toka."

"Na yule? Yule ni nini? Si mtu?" Sasa wachezaji wote wa Free Area walikuwa wamemzunguka, vifua mbele. "Kwanza kamati imesema hakuna nyekundu! Hii ni mechi ya amani! Unataka kurudisha vita?"

"Amani ni wewe kumshika mwenzako jezi akiwa anaenda kufunga?" akanena Wachuka, na sauti yake ilikuwa ile ya kushinda mngurumo wa kinu. "Huyu alipanda, akapalilia, akafika kuvuna, wewe ukamchomea shamba. Halafu unataka nikuongeleshe? Nimekuongelesha mara nne tangu tuanze. Toka, watu waendelee na amani yao."

"Aulizwe mwenyewe!" Kimaiyo akapiga kelele kuelekea goli. "Boss Gurpreet! Boss! Kata simu! Ambia huyu mathe ulikuwa wapi!"

Bwana Gurpreet akakata simu. Akageuka. Akaona uwanja mzima unamtazama, na wa nje ya uwanja pia, na mkono wa Wachuka bado juu na kile kipande kilichopinda. Akachechemea hatua tatu, ambazo ndizo zilikuwa nyingi zaidi alizopiga tangu mashindano yaanze. Wale waliomnunulia cheo cha mtu wa mwisho kwa jezi zake mwenyewe wakangoja neno lake.

"Nilikuwa pale, ndiyo," akasema Gurpreet. "Hata posti ilikuwa pale."



"Miaka kumi mimi nimecheza magongo," akaendelea, "sijawahi kuona aibu kama hii ya wiki tatu. Mnaniweka hapa kama ndoo ya kuzuia mlango. Kimaiyo, toka bana. Na goti yangu inauma."

Mugure ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilikuwa kama sufuria inayoanguka ngazini. Kikavuka mstari, kikaenda upande wa pili, kikarudi. Wakulima wakacheka, wachuuzi wakacheka, Kipngeno akacheka akiwa bado chini ameshika kifundo, na ule ukimya wa mwezi wa kwanza ukakunja mkeka wake ukaondoka. Haukuondolewa na njiwa wa fulana. Uliondolewa na kicheko cha watu walioona jambo dogo limeamuliwa sawasawa, mbele ya wote, bila kumwogopa yeyote.

Kimaiyo akavua jezi. Akafika mbele ya Wachuka, mkubwa, akihema, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni badala ya kumtazama juu ya kichwa.

"Sawa, refa," akasema. Akatoka.

Refa! Miaka sita aliitwa mathe, mama, Mama Njano, wewe wa kibendera. Wachuka akarudisha kadi mfukoni ikamchoma paja, akashukuru maumivu.

Mnauliza adhabu ilifungwa? Kipngeno aliipiga mwenyewe, ikapaa juu ya goli, juu ya Gurpreet, juu ya uzio, ikatua katikati ya shamba la viazi, na kuitafuta kulichukua dakika sita. Mchezo ukaisha bila bao. Manahodha walishika kikombe kimoja. Ikapigwa picha moja.

Na Bwana Kipketer? Alishika kipaza sauti akanena kwa nusu saa kwamba kamati yake, kwa hekima na kwa kuona mbali, ndiyo iliyomwagiza refa huyu shupavu aje na msimamo. Alinena kwa machozi. Kisha akatafuta kalamu ya kutia sahihi barua, akajaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote kavu. Ikabidi aazime ya Mugure, ile anayoandikia majina ya wanaochukua mahindi kwa deni.

Andikeni basi, enyi mnaopenda kuandika siku za watawala na siku za mabomu: kwamba toka Jumamosi ile, wazee wote waliokuwa wamebandikwa kwenye posti, kutoka Kabazi hadi Mau Narok, waliruhusiwa kwenda nyumbani. Bwana Gurpreet sasa huketi kwenye kiti kando ya mstari na huzungumza na simu bila kuaibika.

Na ile ndoo ipo. Iko kwenye kizingiti cha kinu Free Area, nyekundu, ubavuni ina dirisha la ukubwa wa kadi. Wachuka aliijaza udongo, akapanda vitunguu vya majani, na kimoja kimetokea dirishani. Watu wakileta mahindi huinama kuchungulia. Anawaachia. Akimaliza kusaga huchuma majani mawili, akaweka kwenye mboga.